Bushi ya Kisu Chembamba

Mwanangu, kila ninaposhika ruta hunirudia siku moja ya ujana wangu, siku ambayo mwili wa mama ulikuwa umelazwa nyumbani kwetu Makere, ukisubiri kuzikwa kesho yake mchana.

Nilikuwa bado najifunza useremala kwa Mzee Bitaliho. Kijijini kwetu ni yeye tu aliyekuwa na ruta, mashine ya umeme ya kuchimba mifereji na maua kwenye mbao. Aliipata mradi mmoja ulipofunga kazi kwenye kambi ya wakimbizi. Ilikuwa nzito, na pale kisu kinapoingia, tulipopaita kooni, palitengenezwa kwa ajili ya visu vyenye shina nene kama kidole cha mwisho.

Dada yangu Leokadia alikuwa na ombi moja. Msalaba wa baba uliandikwa kwa rangi, mvua zikaifuta, mchwa wakamaliza mti. Mama alikuwa akienda makaburini na maua, anasimama kati ya matuta mawili asijue lipi ni la mumewe, mwisho anayaweka katikati. Dada akaniambia, "Huyu usimwandike kwa rangi. Mchimbie jina lake liingie ndani ya mti. Sitaki nami niwe nauliza watu mama yangu yuko wapi."

Ubao wa mninga nilikuwa nao. Kisu chembamba cha kufaa herufi nilikuwa nacho, ila shina lake lilikuwa kama penseli, na kooni mwa mashine lilicheza. Nikafanya nilivyoona mafundi wengi wa kwetu wakifanya. Nilikata ukanda wa bati la kopo la maziwa, nikauzungusha kwenye shina mpaka likanenepa, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Nikatikisa kwa mkono, hakikucheza. Dada akainama mbele yangu kushika ubao.

Hapo akaingia karakanani Mzee Bitaliho, anatoka kuchimba kaburi na wenzake, udongo ungali magotini.

"Umekivika nini hicho?"

"Bati, mzee. Limekaza."

"Limekaza mashine ikiwa imelala. Leokadia, toka hapo mbele."

Dada hakuwa mtu wa kuamrishwa. "Niache nimshikie, mzee. Huyu bila mimi ataandika Anastazi, herufi ya mwisho aisahau."

"Toka, mama. Utamcheka ukiwa huku nyuma yangu."

Mzee akaifunga mashine kwenye meza ya kazi, kisu kikielekea pale dada alipokuwa ameinama, na mahali pa uso wake akasimamisha gunia la pumba za mbao. Akatuweka nyuma ya nguzo, akawasha jenereta. Mashine ikaunguruma, ikaanza kutetemeka, ikapiga ukelele, na kisu hatukukiona tena. Tuliona gunia limepasuka na pumba zinamwagika. Kisu tulikikuta kimezama kwenye mbao za ukuta.

Dada akajigusa shavu, akajigusa na jicho. "Nilikuwa hapo," alisema. Akakaa chini, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mzee hakunipigia kelele. Alizima jenereta kwanza, ndipo akasema, "Kijana, mama yako hana haraka tena. Mwenye haraka ni wewe. Dada yako bado yuko hai, fanya kazi ukimfikiria yeye."

Akanieleza kwamba bati halibani shina sawasawa pande zote. Kisu hakikai katikati, na mashine ikishika kasi kinajikung'uta chenyewe mpaka kinatoka. Akanipa baiskeli yake niende Kasulu kwa fundi Sefu, mkereza vyuma aliyekuwa akitengeneza vipuri vya mashine za kusaga.

Sefu aliposikia nina msiba aliweka kando kazi za watu. Alichukua kipande cha chuma, akakikereza mpaka kikaingia sawasawa kwenye koo la mashine, akakitoboa katikati tundu la kutosha lile shina jembamba, kiwe bushi, yaani ganda la kulivika shina. Nikanyoosha mkono nikipokee. "Tulia, ndugu yangu, hii bado ni bomba tu," akasema. Akaipasua ubavuni kwa msumeno, ufa mmoja wa kwenda urefu wote, akasugua kingo kwa tupa. "Bila ufa huu nati itabana bushi, na kisu kitabaki kinacheza ndani. Haya, nenda kamzike mama."

Asubuhi tuliijaribu kwanza kwenye gunia jipya. Mashine ilitoa sauti moja, haitetemeki. Nikachimba jina ANASTAZIA, dada ameshika ubao kutoka ubavuni, ananisomea herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Mchana tukamzika mama na jina lake.

Mwanangu, mwaka huu nimechimba jina la Leokadia kwa bushi ileile. Alikufa kitandani kwake akiwa mzee, wajukuu wamemzunguka, na alimtazama kila mmoja kwa macho yake mawili. Nimelia, na bado nalia nikiwa peke yangu. Lakini siku ile nilipokuwa nachimba jina lake, kifua changu kilikuwa chepesi. Nilikuwa namuaga dada aliyemaliza miaka yake.

Basi nisikilize. Kisu kikiwa chembamba kuliko koo la mashine, kitafutie bushi yake, iwe ya kukerezwa na yenye ufa, na usiwashe mpaka umejua nani amesimama mbele. Ukiwa na majonzi ndiyo uchelewe zaidi, kwa maana huzuni huharakisha mikono. Mkubwa akikuambia zima, zima kwanza, maswali baadaye.

Mungu akulindie macho yako na ya anayekushikia ubao. Na siku yako ikifika, ikukute umeshiba miaka, na jina lako alichimbe mtu anayekupenda.