Bamba Chini ya Gari ya Swedi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Swedi alitandika gunia chini ya kamioneti, akaingia kwa mgongo, akapapasa tumbo la gari kwa kiganja cha kushoto, kama mama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Alisema macho hudanganywa na matope, mkono haudanganywi.

Asumini, mke wake, alimngoja mlangoni pa nyumba yao ndogo, nyuma ya ua wa patron, tajiri mwenye gari.

"Mukewenza wangu wa chuma ameamka muzima?"

"Muzima, alhamdulillahi. Anakusalimia."

"Basi umuambie akupikie chai."

Ilikuwa mwaka 1956. Swedi alikuwa amebeba kahawa ya patron kutoka Masisi mpaka Goma miaka kumi na tisa, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Asumini alishapata shamba dogo Keshero, akawa anamwambia waende. Swedi alikawia kwa ajili ya Habarurema, msaidizi wake garini, baba wa watoto wanne, ambaye angeshika usukani baada yake.

Swedi alikuwa ameona yaliyompata Damien, shofere wa gari ya pili ya patron. Njia ya Sake inapita pale moto wa mlima uliposhuka mwaka 1948 na kuacha mawe makali kama meno. Jiwe moja lilitoboa karteri ya Damien, lile bakuli la chuma linalobeba oili ya motere. Damien akaziba tundu kwa sabuni, kama mashofere wote wanavyoziba tangi la esansi, yaani petroli. Kumbe oili ya moto si esansi. Sabuni iliyeyuka, motere ikafa, na Damien akafukuzwa siku hiyo hiyo. Swedi hakutaka Habarurema naye afukuzwe kwa kosa la jiwe.

Ndipo akaenda kwa fundi Munyaneza, akafungiwa bamba nene la chuma chini ya karteri. Hakuomba ruhusa. Patron alipoliona akawaka.

"Nani alikutuma? Waliotengeneza gari walisoma miaka ishirini. Wewe ulisoma wapi?"

"Walisoma kwao, patron. Haya mawe yalizaliwa hapa."

"Kesho ulitoe. Na gari mpya niliyoagiza ikifika, usiiguse na vyuma vyako!"

"Nitalitoa. Lakini leo twende wote mpaka Sake, mara moja tu."

Patron akapanda mbele, Habarurema akakaa nyuma. Kwenye mawe gari ikalia ngo! Kofia ya patron ikagonga paa. Swedi akasimamisha, akatandika gunia.

"Karibu, patron."

Patron akaangalia shati lake jeupe, akaangalia gunia, akalala. Habarurema akaziba mdomo kwa mkono.

"Ee Mungu, patron kwa gunia ya Swedi! Nani ataniamini?"

Bamba lilikuwa limechubuka vibaya. Karteri juu yake ilikuwa kavu. Halafu sauti ya patron ikatoka chini:

"Na nini tena?"

Swedi hakuwa ameulizwa swali hilo hata siku moja. Akachuchumaa, akaviambia viatu vya patron: bomba la moshi lipandishwe, gurudumu la akiba litoke chini, maana gari ikizama huwezi kulichomoa, resori za nyuma, zile springi zinazobeba mzigo, ziongezwe bapa moja, ndoana ya kamba iwe mbele na nyuma, kwa sababu gari ikikwama inatoka panapokubali.

Gari mpya ilipofika, garaji ikafanya yote, na bamba pia. Ndoana ya nyuma tu ndiyo waliyosahau. Swedi akacheka, akasema inatosha. Akampelekea Damien kilo mbili za sukari, kwa kuwa hasara yake ndiyo iliyomfundisha.

Asubuhi ya mwisho ya kazi, Asumini alitangulia Keshero na sufuria zake. Habarurema ndiye aliyekuwa chini ya gari.

"Unasikia nini?" Swedi akamuuliza.

"Chuma, muzee. Iko baridi, iko kavu."

Swedi akaweka ufunguo juu ya kiti. Akamshika patron, aliyetoka kumuaga, mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, patron. Ulikubali kulala pale chini."

"Muzee, unasahau gunia yako!" Habarurema akaita.

"Iko ya kwako sasa."

Akatoka mlangoni mwa ua, mikono mitupu, akashika njia ya Keshero. Hakurudi tena pale, hata kwa kusalimia: gari ilikuwa imepata mkono mwingine.