Mwenyekiti Aliyefukuzwa Jikoni

Eustakia, mwenyekiti wa akina mama wa kigango chetu huku Keza, alikuwa hajui kukaa. Iwe msiba, iwe harusi, yeye ndiye alifungua stoo ya kanisa, akatoa masufuria, akachochea moto, akapakua na kuosha. Sisi wengine tulijaa mkekani tukalaumu chumvi. Yeye alikula ukoko, tena amesimama.

Mwaka huu akachoka. Akafunga ufunguo wa stoo kwenye pindo la kitenge, akaniambia, "Mama Joan, twende hayo mafungo ya viongozi wanawake Biharamulo. Tukirudi nawaachia ufunguo wenu na uenyekiti wenu."

"Nani ataupokea?"

"Wewe si katibu? Mdomo unao, utapikia huo."

Mafungo ni kunyamaza na kusali. Asubuhi ya kwanza, wenzake wako kanisani, yeye huyo jikoni, kashika mwiko! Mpishi, Kwandu, mama wa Kisukuma kutoka Nyabusozi, akamnyang'anya.

"Mama, umekuja kusali au kuniibia kazi?"

"Nakusaidia tu, dada."

"Nimekuomba? Kupika hapa ndiyo sala yangu. Huko kwenu umewanyang'anya wangapi ya kwao? Hebu nenda ukakae!"

Mchana akaletewa ndizi kwa maharage, mvuke unapanda. Akala kidogo, machozi yakamtoka. Sista Rozina, aliyetuongoza, akamwinamia na kumuuliza kwa kunong'ona kama anaumwa.

"Hapana, Sista. Kinaniunguza ulimi. Nilishasahau kwamba chakula huliwa cha moto."

Jumapili tuliporudi, akina mama wote walibaki baada ya misa kusikia anavyojiuzulu. Nilishawaambia, kwani ningekaaje nayo? Eustakia akafungua pindo.

"Uenyekiti nabaki nao. Ufunguo achukue Secilia."

Secilia, bingwa wa kulaumu, akaruka. "Mimi? Najua nini mimi?"

"Chumvi unaijua."

Tulicheka mpaka katekista akachungulia.

Juzi tukamzika mzee Bartholomayo. Secilia alikuwa jikoni na wenzake, jasho linawatiririka, wanagombana kwa raha zao. Eustakia alikaa mkekani, mkono wa mjane uko ndani ya mkono wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata nafasi ya kumshika mfiwa mkono. Sahani zikaja.

Nikamnong'oneza, "Mwenyekiti, maharage haya hayajaiva."

"Ni ya moto, Mama Joan. Kula."