Senti Kumi Isiyo na Tundu

Arobaini ya babu ilipokwisha, wazee walinikabidhi kopo lake la sarafu, kwa kuwa katika wajukuu mimi ndiye ninayejidai kujua mambo. Nikalibeba hadi kwangu Katubuka, nikakaa nalo mezani na lenzi na simu. Nilijifunza kwamba zile sarafu za heller za Mjerumani zilizotengenezwa Tabora wakati wa vita hazifanani zote: taji lake lipo kubwa na lipo dogo, na wanunuzi hulitazama hilo kwanza. Nikajifunza pia kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani huweza kuwa na bei kubwa kuliko nzima.

Ndipo nikaishika senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Hii haikuwa nalo. Ilitoka kiwandani imesahauliwa kutobolewa, nikaisogeza chini ya lenzi. Kisha nikaona kwenye ukingo tundu la msumari, limekula herufi mbili. Ikishatobolewa hivyo, bei yake imekufa.

Asubuhi nilikwenda Ujiji na hasira zangu, kwa shangazi aliyemuuguza babu mpaka mwisho. Alikuwa uani na majirani wawili, wanachambua dagaa. Nilimpa shikamoo ya haraka, marahaba yake sikuingoja.

"Mpumbavu gani ameitoboa hii?"

"Ni mimi," akasema, mikono bado kwenye dagaa.

Hata hapo sikunyamaza. Nilimsomea hasara yote mbele ya watu, na neno upumbavu likanitoka tena. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mtoto alikuwa anadhoofu, hataki kunyonya," akasema. "Tukataka kumfunga senti kiunoni iwe kinga, kama wenzake wote. Zenye tundu zilikuwa tele humo koponi, babu yako akazikataa. Akasema huyu avae ile isiyo na mwenzake. Msumari nilishika mimi, nyundo akashika yeye."

Sikuhitaji kuuliza ni mtoto gani. Jirani mmoja alinitupia jicho kiunoni, akainamia ungo wake. Niliona haya, na sarafu nikaifumbata kama kitu nilichoiba.

Shangazi akanisogezea kigoda, nikakaa.

"Kwa hiyo sasa haiuziki?" akaniuliza.

"Haiuziki, shangazi."

"Basi ni heri tuliitoboa," akasema.