Mama Aliuliza Walimkuta Nani Mwezini

Enzi za Ujamaa, shule yetu kule Mamba iliwaita wazazi waje kusikia habari za anga. Mwalimu alizungusha limau kando ya boga, akasema boga ni dunia, limau ni mwezi, na watu wameshafika huko mwezini. Mama yangu, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba wa baba, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, walimkuta nani?"

"Anamtafuta mumewe!" mtu akadakia. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikiona haya kuwa mwanawe.

Mwalimu hakucheka. "Hawakumkuta mtu, mama. Mawe na vumbi tu."

Njiani mama alisema, "Afadhali. Basi baba yako hakwenda huko juu, yupo hapa hapa migombani."

Tulipofika alichukua jembe, akapalilia kaburi la baba kati ya migomba, ambalo tangu mazishi hakuwa amelisogelea.