Siku Baba Alipohama Upande Kwenye Mechi ya Nyota

Mwaka huu baba alikaa kwangu Buzuruga wiki kadhaa akitibiwa koo. Kila asubuhi tulikwenda hospitali ya rufaa kwa ajili ya mionzi, na kila asubuhi tulisubiri kwenye benchi refu pamoja na wagonjwa wengine, kila mmoja na chupa yake ya maji ambayo kuyameza ni shida. Baba aliamini ana kidonda. Ndivyo tulivyomwambia. Daktari alikuwa ameniita mimi pembeni, akanieleza kwamba ni saratani, kwamba imeshasambaa, na kwamba mionzi itamsaidia ameze uji na maumivu yapungue, basi. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa, mwalimu kule kisiwani, Nansio. Kaka akasema mzee asiambiwe, akijua atakata tamaa na kutuondoka kabla ya wakati. Mama hayupo tena, kaka ndiye mkubwa, neno lake likapita. Mimi nikabaki benchini na siri hiyo, mzee ameniegemea begani.

Kuficha jambo ni kazi. Lazima utafute maneno mengine ya kujaza nafasi yake. Habari za ng'ombe na mpunga baba anazijua kuliko mimi, kwa hiyo nikaanza kumsimulia kitu ninachokijua mimi, mpira wa kikapu. Nimeucheza tangu sekondari, na hata sasa, nikiwa na duka la vipuri vya pikipiki na goti linalolia kama mlango mbovu, bado nacheza ligi ya wanawake ya mkoa. Baba hakuwahi kuniona nikicheza. Sikuwahi kumwalika pia, maana nilijua atasema nini, na mimi si mtu wa kuvumilia kusemwa mbele za watu.

Msimu wetu ulikuwa unakaribia kuisha, na mwisho wa msimu huwa tunacheza mechi ya nyota. Wachezaji bora wa timu zote wanagawanywa pande mbili, wanapambana. Tumeiga kwa Wamarekani. Nikamweleza baba kwamba ligi yao kubwa ya kulipwa ilianza mechi hiyo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, yeye akiwa bado hajazaliwa, na kwa miaka mingi mpangilio ulikuwa huo huo mmoja, nyota wa Mashariki dhidi ya nyota wa Magharibi.

"Nani anawachagua?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu.

"Mashabiki wanapiga kura. Zamani kwa karatasi, siku hizi kwa simu. Wanaobaki wanachaguliwa na makocha."

"Na anayefungwa anapoteza nini?"

Nikafikiri. "Hapotezi kitu, baba."

Akaguna. "Mchezo gani huo."

Nilikasirika kidogo, maana alikuwa amegusa penyewe. Huo ndio ugonjwa wa mechi ya nyota. Zamani walikabana kweli kwa sababu ya fahari tu, lakini miaka ilivyosonga wakaanza kuachiana njia. Mtu anakwenda mpaka kwenye pete anadumbukiza mpira, wenzake wamesimama wanatazama, kila mmoja anaogopa kuumia wakati msimu bado unaendelea. Wakubwa wa ligi wamekuwa wakihangaika kutafuta dawa. Walifuta Mashariki na Magharibi, wakaweka manahodha wawili wanaochagua wachezaji mmoja mmoja, kama watoto wa shule uwanjani. Baadaye wakaondoa saa katika robo ya mwisho: unachukua pointi za timu inayoongoza, unaongeza idadi fulani, hilo ndilo lengo, na timu itakayolifikia kwanza imeshinda. Wakarudi tena Mashariki na Magharibi, timu moja ikapita pointi mia mbili bila mtu kutoka jasho. Wakagawa nyota kwenye timu ndogo nne. Halafu wakaweka Wamarekani dhidi ya wageni wa dunia.

Nilimsimulia haya siku baada ya siku, kipande kwa kipande, tukisubiri jina lake liitwe. Alipenda zaidi ile robo isiyo na saa. "Kwa hiyo hawaondoki mpaka mmoja atie?" akasema. "Hapo afadhali."

Baba ni mtu wa ngoma. Kwetu Usukumani mpenda ngoma ana upande wake, Mgika au Mgalu, na siku ya mashindano baada ya mavuno pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja. Hakuna anayehesabu pointi. Watazamaji ndio waamuzi. Ukiona wale wa pili wanacheza vizuri zaidi, unatembea unakwenda kwao, na wachezaji wanakuona ukiondoka. Baba alicheza miaka yake yote ya ujana. Aliwahi kuachwa na uwanja mzima, watu wote wamehama, yeye na wenzake wamebaki na vumbi lao. Jambo hilo alilisimulia kwa heshima, bila kinyongo.

Nasi Mwanza tumepitia mipangilio yetu. Tulianza na Nyamagana dhidi ya Ilemela, wilaya mbili za jiji letu, hiyo ndiyo ilikuwa Mashariki na Magharibi yetu. Mwaka mmoja tukajaribu manahodha, wakachagua hadharani mbele ya watu. Binti aliyechaguliwa wa mwisho alilia, na mama yake akaja kutuuliza ana kasoro gani mwanawe. Hatukurudia. Wamarekani wenyewe walipoanza utaratibu huo walichagua faraghani, kamera hazikuwepo. Mwaka huu tukakubaliana Nyamagana na Ilemela warudi, ila robo ya mwisho iwe ya lengo, bila saa.

"Nitakuja kuona," baba akasema asubuhi moja, bila kuulizwa.

Jumamosi ya mechi tulifika uwanjani kwa bajaji mapema. Nikamweka kwenye kiti cha plastiki upande wa benchi letu la Ilemela, koti zito mwilini, fimbo yake kati ya magoti. Wachezaji wa timu zote mbili walikuja kumsalimia. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu zangu." Nilifurahi kuona wanavyomheshimu. Sikujiuliza kama wameshasikia habari za ugonjwa wake, ingawa Mwanza kila hospitali ina ndugu wa mtu.

Nilianza kufunga. Nilifunga kulia, nikafunga kushoto, nikapita katikati na goti langu bovu kama msichana wa sekondari. Kila nikifunga nilimtazama baba. Nahodha wa Nyamagana ni dada mmoja mrefu sana, mdogo kwangu kwa umri, ambaye misimu yote huwa ananizibia njia mpaka naota mikono yake. Siku ile mikono yake ilipanda nikishapita. Nilijiambia ni mechi ya nyota, ndivyo ilivyo. Raha ina namna yake ya kukuziba macho.

Robo ya tatu ilipoisha, baba akaniita kwa fimbo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mbona hawakukabi?"

"Baba, si nilikueleza? Mechi ya nyota hawakabani sana."

"Hapana. Wenzako wanakabwa. Yule mfupi amesukumwa mpaka ameanguka. Unayeachiwa ni wewe peke yako." Akapumua. "Nenda kawaambie waache."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamfuata yule mrefu alikokuwa anakunywa maji, nikamuuliza wazi kama wananiachia. Akatazama chini.

"Tusamehe, dada. Tulisikia kuhusu mzee. Tulitaka afurahi."

Sikuweza kumkasirikia. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na ndicho nilichokuwa nafanya kila asubuhi hospitalini. Nikamwambia, "Ameshawaona. Nikabe."

"Kweli?"

"Kama ulivyonikaba mwaka jana."

Akanikaba. Mungu wangu, alinikaba! Bega lake lilinipata kifuani mara ya kwanza tu nilipogusa mpira. Wenzake wakaona, nao wakaamka, na wetu pia wakaamka, na ghafla mechi ya nyota ikawa mechi. Watu waliokuwa wanapiga soga wakanyamaza. Pointi zilikuja kwa taabu, moja moja, bila saa ya kumwokoa mtu. Tukafika mahali ambapo kila timu ilibakiza kikapu kimoja kulifikia lengo, na mpira ulikuwa mikononi mwangu. Nikaingia kulia, upande wa goti zima. Niliruka kwa nguvu zote nilizonazo. Mkono wake ukatokea juu, ukaupiga mpira ubaoni, akaudaka mwenyewe, akakimbia nao uwanja mzima na kutia. Mchezo ukaisha hapo.

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni nilipomwona baba amesimama. Alishika fimbo, akaanza kutembea. Alikatiza uwanja polepole, akanipita bila kunitazama, akaenda mpaka upande wa Nyamagana na kusimama kati ya mashabiki wao. Kijana mmoja alidhani mzee amepotea, akamshika mkono amrudishe.

"Niache," baba akasema. "Nimehama."

Kijana hakuelewa. Lakini mama mmoja muuza karanga, mtu mzima, alielewa, akapiga vigelegele. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka papo hapo. Baba yangu alikuwa ameuona mchezo wangu kuwa mchezo wa kweli, hata akapiga kura dhidi yangu.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Nilimpikia uji mwepesi wa ulezi, tukakaa barazani. Alimeza vijiko vichache, akaniwekea bakuli mapajani.

"Yule mrefu anakuzidi," akasema.

"Ananizidi, baba."

"Lakini ulimwambia akukabe. Hilo nimeliona." Akanigeukia. "Sasa niambie. Na mimi mnaniachia?"

Nikajifanya sikuelewa. Hakunipa nafasi.

"Kaka yako hajawahi kunikubalia neno tangu aote ndevu. Tumegombana miaka yote juu ya lile shamba la mpunga la bondeni. Mimi nataka libaki la ukoo, yeye anataka liuzwe. Siku hizi nikimpigia ananijibu ndiyo baba, sawa baba, litabaki baba. Daktari anazungumza na wewe, mimi ananipa mkono tu. Majirani wanacheka vichekesho vyangu hata visipochekesha. Nina nini?"

Nilimfikiria kaka na neno lake lililopita. Halafu nikamwambia. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake, nikamwambia umefika wapi, na mionzi inafanya nini na haiwezi kufanya nini. Nililia katikati ya maneno na sikuacha kusema. Baba alisikiliza akitazama barabarani, watu wakipita na mabegi yao kuelekea stendi. Aliniuliza kama atapata maumivu makali, nikamwambia ndiyo, ila kuna dawa. Aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani kwake Magu. Nikamwambia anaweza.

Hakukata tamaa kama kaka alivyohofia. Aliweka mkono wake juu ya wangu. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kunificha. Kisha akaniambia nimpigie kaka nimpe simu.

"Dada yako ameniambia," alisema kwenye simu kwa ile sauti yake ya nusu. "Usilie. Njoo kesho. Lile shamba hatujalimaliza, na safari hii unijibu kiume."

Kaka alikuja kwa meli ya kwanza. Alimwamkia baba, akakaa mbele yake, akaanza kwa upole wake ule mpya, na baba akamkatiza. Kufikia mchana walikuwa wanabishana, kaka amepandisha sauti mpaka majirani wanasikia, baba akigonga fimbo sakafuni, uso wake umechangamka kuliko wiki zote alizokaa kwangu. Nikawaacha hapo, nikaenda dukani, nikajifungia ndani na kulia.