Sauti Aliyoisikia Masanja

Nilikuwa na sababu mbili za kwenda Migato. Masanja, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa amefungwa kamba kwao tangu akili yake ivurugike, na makondakta wa mabasi walikataa kumpakia aletwe hospitali Bariadi. Tena siku hiyo darasa letu lilipangiwa kupalilia shamba la mwalimu mkuu. Msiniulize ipi ilikuwa nzito zaidi.

Asubuhi, hospitalini Somanda, nilimganda Sista Foibe, muuguzi wa wagonjwa wa akili. "Sista, kama hawezi kuja, si twende sisi?"

"Kisukuma sikijui." Kwao Kilimanjaro.

"Mimi nakijua mpaka matusi."

Akacheka, akabeba mkoba wa dawa.

Njiani tulikalia magunia matupu kwenye lori la pamba. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, malori yanafika vijiji ambavyo gari la wagonjwa halijawahi kuviona. Siku pamba ikiugua, itapona upesi.

"Utatafsiri neno kwa neno," Sista alinionya. "Usitie chumvi."

"Sista, mimi ni mtu wa chumvi."

"Basi leo upike bila."

Mchana, Migato. "Mwadila, mayu," Mzee Ngasa, baba yake Masanja, alimwamkia Sista, akatupeleka nyuma ya zizi. Masanja alikaa vumbini, mguu umefungwa nguzoni kwa kamba ya ng'ombe.

"Nikimfungua anaingia porini," mzee alisema kabla hatujauliza. "Mnataka fisi wanirudishie mifupa?"

Sista akachuchumaa. "Muulize kama anasikia sauti wasizozisikia wengine."

Nikauliza. Masanja akafikiri, akajibu, nami nikatafsiri: "Ndiyo. Kuna mtu anaomba maji. Hakuna anayemsikia."

"Muulize ni nani."

"Anasema ni yeye."

Chumvi iliniishia. Shangazi alikimbilia kata ya maji.

Baada ya kuwahoji wote, Sista alimchoma Masanja sindano. "Itamtuliza polepole. Siku hizi za mwanzo kaka zake wamchunge kwa zamu, bila kamba. Lakini sindano ni kila mwezi, isikatike."

"Itakuwaje, na mabasi yanamkataa?" mzee akauliza.

"Nitakuja mimi."

"Na huyu mropokaji wetu?"

"Nami nipo," nikasema.

Mzee alilitazama pori. Kisha akainama kuifungua kamba. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi shangazi alete kisu. Sote tukajiandaa kumkimbiza Masanja. Akasimama, akajinyoosha, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akateka.

Jioni tulirudi juu ya pamba, laini kuliko godoro la bweni. Kesho yake mwalimu mkuu alinipa lile shamba lote peke yangu. Nilipalilia nikiwaza: tulipeleka dawa ya mtu anayesikia sauti, tukakuta viziwi ni sisi.

Mwezi ujao lori likiondoka, nimo. Mwalimu mkuu aanze kutafuta mtu mwingine wa jembe.