Sekunde Mbili Mbele ya Mlango

Rachidi wa Buyenzi anatengeneza injini vizuri, hilo simnyimi. Lakini tangu tovuti moja ya wapenda gemu imfanye jaji, hakukaliki naye. Mimi nauza vipuri mlango wa pili kutoka gereji yake, kwa hiyo namsikia kutwa nzima akiponda kazi za watu.

Kazi zenyewe ziko hivi: mtu hachezi gemu kwa mkono mfululizo. Anatumia programu ya kusimamisha kila hatua, akikosea anarudi nyuma na kurekebisha, mpaka mchezo wote uishe upesi kadiri gemu linavyoruhusu. Jaji anatafuta kama umebaki muda wa kupunguza. Rachidi yeye anatafuta kwa jicho moja, sambusa mkononi.

Lisette, msusi wa Mutakura, alimletea kazi ya miaka miwili. Alitaka ikubaliwe tu, jina lake liingie kwenye orodha ya tovuti. Rachidi akaikataa kabla hajamaliza kutafuna. Katika ngazi ya sita shujaa anasimama mbele ya mlango sekunde mbili, hafanyi kitu. Huo ni uvivu, akatangaza mbele ya mafundi wote.

Lisette akaeleza kwamba ufunguo wa mlango ule hutoka kwa bahati, na bahati ya gemu hubadilika kila wakati. Ukisubiri pale sekunde mbili, ufunguo unatoka mara ya kwanza; usiposubiri, unalazimika kuujaribu tena na tena. Rachidi akapiga miayo.

“Papa Rachidi, we ni mekanisiye,” Lisette akamwambia. “Gari ikisimama ku ralanti, moteri inatumika ao inalala?”

Hata mimi najua jibu: gari likinguruma bila kwenda, injini inafanya kazi. Mafundi wakacheka, na bwana mkubwa akaapa kuzikata zile sekunde mwenyewe. Siku tatu gari la mteja lilikaa boneti wazi huku yeye akikata, akirudia, akitoka jasho. Kila alipoondoa kule kusubiri, ufunguo uligoma. Niliiona skrini kwa macho yangu: jaribio lake bora lilikuwa nyuma ya Lisette kwa sekunde tisa.

Siku ya nne Lisette akaja kuuliza. Nilidhani mtu mzima ataona haya. Rachidi akapangusa mikono bila kumtazama.

“Mi nilishasema apana mbele ya batu,” akasema. “Sasa nitabaambia nini?”

Lisette akachukua mkoba wake akaondoka. Jina lake halimo kwenye orodha mpaka leo, na anayejua kuliko sote kwamba linastahili kuwemo ni yule aliyelizuia.